Presha ilivyomtoa ofisini hadi milima ya Rungwe kwa baiskeli

Tukuyu. Simu iliita saa 8 mchana. Mhasibu huyo alikuwa amekaa kwenye benchi la mgahawa mmoja karibu na stendi ya Tukuyu, miguu ikimtetemeka, sahani ya ndizi na maharage ikiwa mbele yake. Aliyepiga alikuwa mama yake mzazi, ambaye nyumba yake ipo kilomita chache tu kutoka hapo.

"Nimeambiwa umepita Katumba na baiskeli. Ni kweli?" aliuliza mama, bila hata salamu.

Ilikuwa kweli. Muuza ndizi mmoja wa Katumba alimtambua binti wa jirani yake licha ya kofia ngumu na miwani, akapiga simu kabla baiskeli hazijafika mjini. Siri iliyotunzwa kwa miezi minne ikaishia hapo.

Mhasibu huyo mwenye umri wa miaka 36, mama wa watoto wawili, anaishi jijini Mbeya. Ameomba jina lake lisiandikwe kwa kuwa habari hii inagusa afya yake na ya mama yake. Wikiendi ya Nanenane, yeye na marafiki zake watatu walitoka Uyole kwa baiskeli, wakavuka milima ya Rungwe, wakalala Tukuyu siku mbili, kisha wakateremka hadi Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Wawili kati yao, nesi mmoja na mwalimu wa sekondari, walikuwa na uzoefu wa safari za namna hiyo. Wa tatu, fundi umeme, alikuwa amejaribu mara mbili tatu. Yeye hakuwahi kuendesha zaidi ya kilomita 30 kwa siku.

Barabara waliyoichagua si ya mchezo. Kutoka Uyole lami inapanda kupitia Igawilo hadi Isyonje, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, inateremka kuelekea Kiwira, kisha inapanda tena hadi Tukuyu. Waendesha baiskeli wa msafara wa Tour d'Afrique, unaotoka Cairo hadi Cape Town tangu mwaka 2003, hupita hapo wakielekea Malawi. Lakini hao hufika wakiwa wameshazoea, wakiwa na wiki nyingi za safari miguuni. Mtu anayetoka kwenye kiti cha ofisi ni habari nyingine.

Kipimo kilichoanzisha yote

Mwezi Machi, katika upimaji wa afya kazini kwake, presha yake ilisoma 148 kwa 94. Alirudia siku mbili nyingine, majibu yakawa karibu yaleyale. Daktari alimwanzishia kidonge kimoja kwa siku, akamwambia apunguze chumvi na aanze mazoezi.

"Kidonge hakikunitisha. Kilichonitisha ni kwamba baba alikufa kwa kiharusi nikiwa kidato cha tatu," anasema. "Alianguka asubuhi, jioni hatukuwa naye tena. Na hakuna aliyewahi kumpima presha."

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Ukigawanya, ni kama nusu saa kwa siku tano. Kwenye karatasi ni jambo rahisi. Mhasibu huyo alijaribu kutembea jioni, akaacha baada ya wiki mbili kwa sababu, kwa maneno yake, "unatembea unawaza foleni ya kazi za kesho." Ndipo rafiki yake nesi alipomwambia aje Jumapili asubuhi waendeshe baiskeli.

Kuendesha alikuwa anajua. Alijifunza utotoni kwa kuiba baiskeli ya baba yake, Foneksi ndefu yenye bomba la juu, akipenyeza mguu mmoja chini ya bomba na mwili ukiwa umening'inia upande mmoja, kama walivyojifunza watoto wengi wa nchi hii. Alichapwa kwa hilo. Walimwambia baiskeli inamharibu mtoto wa kike.

Hofu hiyo si ya Wanyakyusa pekee. Katika miaka ya 1890 huko Uingereza na Marekani, baadhi ya madaktari waliandika kwa uzito kabisa kwamba baiskeli ingewaharibu wanawake, hata wakabuni ugonjwa walioita "sura ya baiskeli", eti uso wa mwanamke hukakamaa kwa kuhangaika na usukani. Mwaka 1894, mama wa watoto watatu wa mjini Boston aitwaye Annie Kopchovsky, maarufu kama Annie Londonderry, aliondoka kwenda kuizunguka dunia akiwa hajui hata kuendesha vizuri. Baiskeli yake ya kwanza ilikuwa na uzito wa kilo 19 hivi. Alipofika Chicago aliibadilisha kwa nyingine yenye karibu nusu ya uzito huo, na safari ikaendelea hadi mwaka 1895, ingawa sehemu kubwa alivuka kwa meli. Uso wake haukukakamaa.

Miezi minne ya maandalizi

Mhasibu huyo alinunua baiskeli ya gia ya mtumba. Kazi ya kwanza ya fundi haikuwa breki wala cheni, ilikuwa urefu wa kiti. Wanaoanza wengi hukaa chini mno ili miguu yote miwili ifike ardhini, na matokeo yake ni maumivu ya mbele ya goti. Kipimo alichofundishwa ni rahisi: ukae kwenye kiti, uweke kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa, na mguu unyooke. Ukianza kuendesha kwa kukanyaga na sehemu ya mbele ya unyayo, goti litabaki na mkunjo mdogo unaotakiwa.

Kingine kilikuwa nguo. Hili watu huona aibu kuliuliza, lakini ndilo linalowarudisha wengi nyumbani siku ya pili. Kaptula yenye sponji huvaliwa bila chupi ndani, kwa sababu mishono ya chupi ndiyo inayochubua ngozi. Mafuta ya mgando yapakwe kwenye mapaja kabla ya kuanza, si baada ya kuungua. Jioni kaptula ifuliwe na ikauke, na kama hali ya hewa ni ya Tukuyu, mji unaopata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, beba mbili.

Kila Jumapili waliongeza kilomita chache. Kufikia Julai presha yake ilikuwa 132 kwa 84. Mazoezi ya mara kwa mara yanaweza kushusha presha ya juu kwa pointi 5 hadi 8 kwa wenye tatizo hilo, lakini na kidonge kilikuwepo, kwa hiyo si haki kuipa baiskeli sifa zote. Kabla ya safari alirudi kwa daktari wake, akaruhusiwa, na akaambiwa jambo moja kwa msisitizo: asiache dawa hata siku moja kwa kudhani baiskeli imechukua nafasi yake.

Mama yake hakuambiwa chochote.

Kilichomwangusha si mlima

Waliondoka Uyole saa 1 asubuhi. Kosa la kwanza lilifanyika kabla hata ya kumaliza Igawilo: alifukuzana na walio mbele. Mwalimu, ambaye ndiye mwenye miguu mizuri kuliko wote, alikuwa anapanda kana kwamba hakuna mlima, na mhasibu akaona aibu kuachwa.

"Nikamwita, nikamwambia nisimulie kuhusu watoto wako," anasema nesi. "Akashindwa kumaliza sentensi. Nikamwambia basi, unakwenda kasi kuliko uwezo wako."

Ndicho kipimo cha bei nafuu kuliko vyote. Mtu anayeanza, na hasa mwenye presha, apande mlima kwa mwendo unaomruhusu kuzungumza sentensi nzima. Kama anaweza kuimba, anaweza kuongeza kidogo. Kama anatoa neno mojamoja, apunguze gia au ashuke asukume. Walikubaliana kwamba yeye ndiye atatangulia, wengine wafuate mwendo wake. Mwalimu anakiri kwamba nusu saa ya kwanza ilimuudhi. Kilomita sita kwa saa, malori ya Malawi yakiwapita kwa kelele, watoto wa shule wakiwapita kwa miguu.

Isyonje walifika wakiwa wamelowa jasho, ukungu ukiwa umetanda na upepo ukitoka upande wa Kitulo. Hapo kuna mtego mwingine. Mwili uliolowa, ukianza kuteremka kwa kasi kwenye baridi ya Agosti, hupoa kwa dakika chache na vidole hushindwa kubana breki. Walibadilisha fulana za ndani, wakavaa makoti na kunywa chai ya maziwa kwenye kibanda kimoja kabla ya kushuka.

Kuteremka kulimwogopesha kuliko kupanda, na alikuwa sahihi kuogopa. Breki za mpira zinazobana rimu, zikishikiliwa mfululizo kwenye mteremko mrefu, hupata joto kiasi cha kupasua tyubu. Inatakiwa kubana zote mbili kwa pamoja, kwa nguvu lakini kwa muda mfupi, kabla ya kona na si ndani ya kona, kisha kuachia zipoe. Walisimama mara tatu kabla ya Kiwira kwa sababu hiyo tu.

Kuanguka kulikuja baada ya Kiwira, mahali ambapo ramani haioneshi hatari yoyote. Barabara inapanda tena kuelekea Katumba, taratibu tu, mashamba ya chai pande zote mbili. Mhasibu akaanza kuona miguu imekuwa ya mtu mwingine. Akasikia kizunguzungu, jasho la baridi, na hasira isiyo na sababu. Akashuka, akailaza baiskeli kwenye majani, akakaa na kulia.

"Nilikuwa na hasira na wote. Nilimwambia fundi umeme waendelee, mimi nitapanda Coaster nirudi Mbeya," anasimulia.

Nesi hakumbembeleza. Alimuuliza amekula nini tangu asubuhi. Jibu lilikuwa chai kavu saa 11 alfajiri na nusu chapati. Pale Isyonje alikunywa chai kikombe kimoja bila kitafunwa, kwa sababu alikuwa anafikiria kupunguza uzito.

Mwili hutunza akiba ya sukari kwenye misuli na ini. Kwa mtu anayejitahidi kwelikweli, akiba hiyo hupungua sana ndani ya saa moja na nusu hadi mbili. Ikipungua, utashi hausaidii. Kwa safari ya saa nyingi mtu anahitaji gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa, na ale kabla hajasikia njaa. Ndizi mbivu moja ya ukubwa wa kati ina takribani gramu 25, na katika wilaya hii ndizi ni kitu cha mwisho mtu anachoweza kukosa. Alikula tatu, pamoja na soda. Dakika 20 baadaye aliinuka mwenyewe, akawaomba radhi wenzake, wakaendelea. Alikuwa bado anatafuna ndizi ya nne alipopita Katumba, mbele ya jirani wa mama yake.

Mama

Siku ya pili ilipangwa kuwa ya kupumzisha miguu. Wenzake walikwenda kuzunguka Masoko, kwenye lile ziwa lililo ndani ya kreta, lenye jengo la mawe la jeshi la Wajerumani na simulizi za wenyeji kwamba askari walitupa fedha zao majini Vita Kuu ya Kwanza ilipowazidi. Yeye alikwenda nyumbani. Aliiacha baiskeli nyumba ya wageni, akachukua bajaji.

Mama yake, mwenye miaka 63, hakupaza sauti. Alimwandalia chai, akakaa mbele yake.

"Aliniambia, 'Baba yako alisukuma baiskeli ya ndizi miaka 11 ili wewe usome. Tulikusomesha ili upande gari, siyo urudi kwenye baiskeli.' Sikuwa na jibu," anasema.

Kwa asiyeijua Rungwe, maneno hayo yanahitaji maelezo. Kwenye milima hii baiskeli haikuwa chombo cha kujifurahisha. Ni toroli. Wanaume huifunga mikungu ya ndizi na magunia ya viazi kwenye keria na fremu hadi isipandike tena, kisha huisukuma kilomita nyingi hadi sokoni. Anayeendesha baiskeli kwa hiari, kwa kulipa hela yake, huku amevaa kaptula, anaonekana ama amechanganyikiwa ama amefilisika. Mhasibu alieleza kuhusu presha. Ilikuwa mara ya kwanza mama kusikia kwamba binti yake anameza dawa. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama ndiyo ile ya baba.

Saa 9 alasiri wenzake watatu walifika kumsalimia mama, baiskeli wakaziegemeza kwenye migomba. Nesi alikuwa na mazoea ya kumpima rafiki yake asubuhi na jioni kwa kipimo cha mkononi alichobeba, na akafanya hivyo hapo sebuleni. Mama aliangalia. Akauliza kinapima nini. Kisha, bila kuombwa, akakunja mkono wa gauni.

Nesi alimwomba kwanza akae dakika tano bila kuongea, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Alipima mara tatu. Kipimo kilisoma 176 kwa 102, kisha 174 kwa 102, kisha 174 kwa 100.

Maumivu ya kichwa ya asubuhi aliyokuwa nayo tangu mwaka jana, mama alikuwa ameyaita uzee. Mara nyingi presha haitoi dalili yoyote, na hata kichwa hicho huenda kilikuwa na sababu nyingine. Nesi alimweleza kwamba vipimo vya siku moja nyumbani si hukumu, lakini kwa namba hizo asisubiri. Jumatatu asubuhi awe kliniki. Na kama kabla ya hapo angesikia maumivu ya kifua, kukosa pumzi, upande mmoja wa mwili kulegea au ulimi kuwa mzito, apelekwe hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

"Ndaga," mama alimjibu nesi. Asante. Lakini binti yake hakumsemesha tena hadi wanaondoka, isipokuwa kumpa mfuko wa ndizi zilizochemshwa na kumwambia asiteremke mlima kwa kasi.

Joto la Kyela

Tukuyu ipo karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Nyasa lipo chini ya mita 500. Siku ya tatu, kwa hiyo, ni kushuka kilomita nzima ya wima, kutoka kwenye koti hadi kwenye joto la kakao na mpunga, yote ndani ya asubuhi moja. Walifika Kikusya wakiwa wameshavua kila kinachoweza kuvuliwa, wakakata kushoto kuchukua lami ya kilomita 39 inayopita Ipinda hadi Matema.

Hapa ni tambarare, na aliyetoka milimani hudhani kazi imekwisha. Fundi umeme alikunywa lita mbili za maji matupu kwa muda mfupi, akaanza kusikia kichefuchefu. Jasho hutoka na chumvi. Kunywa maji mengi kupita kiasi bila chumvi wala chakula kunaweza kuzimua chumvi ya damu, hali ambayo ikizidi ni ya hatari. Walichanganya pakiti ya ORS kwenye lita moja ya maji, akanywa kidogokidogo kivulini, wakala ndizi za mama. Mwenye presha, aliyeambiwa apunguze chumvi, amuulize daktari wake mapema kuhusu siku za namna hii. Mhasibu alikuwa ameuliza, na alikunywa nusu.

Kilichobaki akilini mwake kuhusu Ipinda ni wanawake. Mmoja mwenye kitenge, mtoto mgongoni, amekaa wima kwenye baiskeli kubwa, anakwenda zake bila haraka. Mwingine na debe la mpunga kwenye keria. Hakuna aliyewashangaa. Mwanamke mmoja alimpita, akageuka na kumwambia apandishe gia, anachosha miguu bure.

Matema walifika saa 9 alasiri, wakaingia majini na nguo zao. Usiku walikula samaki aina ya mbasa na wali, wakalala ndani ya chandarua. Huku chini mbu si wa kupuuzwa kama wa kule juu.

Kurudi hawakuendesha. Kupanda kutoka ziwani hadi Tukuyu ni kazi ya mtu mwenye misimu kadhaa miguuni, na hakuna aliyejifanya anayo. Jumatatu walikodi pikapu, wakafunga baiskeli nyuma kwa kamba za mpira.

Tukuyu walimkuta mama amesimama kando ya barabara, kadi mpya ya kliniki mkononi na mkungu wa ndizi miguuni, wa nesi. Alikuwa ameanzishiwa dawa asubuhi hiyo, arudi baada ya wiki mbili. Alizungumza na nesi kwanza, kwa kirefu. Kisha akazunguka nyuma ya pikapu, akauliza ipi ni ya binti yake. Alipooneshwa, akakibonyeza kiti kwa kidole gumba, akakunja uso.

"Chembamba hivi?" alisema. "Cha baba yako kilikuwa na springi."